Pikapu ya kuvuta trela: ninunue injini inayodumu au gari linalovuta zaidi?

"Natafuta pikapu ya kabini mbili iliyotumika. Kazi yake kubwa itakuwa kuvuta trela la ekseli mbili ninalobebea kijiko kidogo cha kuchimbia mitaro, mzigo wa tani mbili hivi, mara mbili au tatu kwa wiki. Njia zangu zina milima mirefu. Nimebakiwa na magari mawili. La kwanza ni dizeli ya zamani ya lita 3.0, turbo moja, pampu ya kawaida isiyotumia kompyuta, kilowati 96, gia za mkono, limetembea kilomita 240,000. Kitabu chake kinasema linavuta kilo 2,500. La pili ni la miaka ya karibuni, lita 2.0 yenye turbo mbili, kilowati 150, gia otomatiki, kilomita 90,000, na linavuta kilo 3,500. Kibati chake kinaonyesha uzito wa juu wa gari kilo 3,200, na wa gari pamoja na trela kilo 6,000. Likiwa tupu lina kilo 2,150. Fundi wangu anasema injini ya lita mbili ni ya gari la familia, mlimani itakufa mapema. Shemeji yangu anasema gari lililoandikwa tani tatu na nusu, tani mbili kwake ni mchezo, nilipe tu. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, fundi wako na shemeji yako kila mmoja ana nusu ya jibu, na nitafika kwao. Lakini nianze na maneno yako mwenyewe, kwa sababu humo ndimo jambo lote lilimojificha: "mzigo wa tani mbili hivi". Hizo tani mbili ni uzito wa kijiko peke yake, au kijiko pamoja na trela lililokibeba?

Nina hakika karibu kamili kwamba ni kijiko peke yake, maana hivyo ndivyo watu wengi wanavyohesabu. Trela la ekseli mbili la kubebea mashine ya namna hiyo, lenye ngazi za chuma za kupandishia, mara nyingi lina kilo 600 hadi 700 likiwa tupu. Ongeza ndoo ya pili ya kijiko, minyororo ya kufungia, dumu la dizeli na tairi la akiba, nawe umeshafika kilo 2,700 au zaidi. Namba ya kuvuta inayoandikwa na kiwanda haihesabu mzigo ulio juu ya trela tu. Inahesabu kila kilichoko nyuma ya gari, trela lenyewe likiwemo. Kwa hiyo kabla hatujasema neno lolote kuhusu injini, gari lako la kwanza, lile la kilo 2,500, huenda limeshapitwa kwa kilo 200. Peleka trela lako likiwa limepakiwa kama siku ya kazi kwenye mizani ya magari, ulipime, uandike namba hiyo mahali. Hiyo "hivi" uliyoiandika ndiyo ghali kuliko kitu kingine chochote katika barua yako.

Sasa kwa shemeji. Ile tani tatu na nusu si uongo, ila inajibu swali tofauti na lake. Kiwanda kinapoandika uwezo wa kuvuta, kinasema gari hili limeruhusiwa kuvuta uzito huo kwa masharti fulani, tena likiwa jipya. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, zinataka gari likiwa na trela lake liweze kuondoka mara tano ndani ya dakika tano kwenye mteremko wa asilimia 12 likipanda. Ni mtihani wa kuondoka. Marekani wana utaratibu mkali zaidi unaoitwa SAE J2807, ambao Toyota ilikuwa ya kwanza kuufuata kwa pikapu yake ya Tundra ya mwaka 2011. Ndani yake kuna mlima wa Davis Dam huko Arizona: kilomita 18 hivi za kupanda zaidi ya mita 900, joto la hewa likiwa nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, na pikapu ya kawaida hairuhusiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni mtihani wa maana sana. Hata hivyo, hata huo hauulizi gari litakuwaje likiupanda mlima ule mara tatu kwa wiki kwa miaka minane.

Kisha kuna hesabu ambayo matangazo hayaisemi, na wewe umeniletea namba zake zote. Gari na trela pamoja visizidi kilo 6,000. Ukivuta kilo 3,500 kamili, gari limebakiwa na 2,500. Lenyewe tupu lina 2,150. Zinabaki kilo 350 za dereva, abiria, vifaa na chochote kilichoko kwenye bodi. Watu wanne wazima na kisanduku cha spana, umemaliza. Ndiyo maana nawaambia watu kwamba pikapu ya "tani tatu na nusu" inavuta tani tatu na nusu kama haina kazi nyingine yoyote.

Kwako wewe mambo ni mazuri zaidi. Tuchukue trela la kilo 2,700. Sehemu ya uzito huo hulalia kiungo cha nyuma ya gari, na kwa trela la aina hii inafaa iwe karibu asilimia 10, yaani kilo 270. Uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa gari lenyewe. Toa 2,150 na 270 kwenye 3,200, unabakiwa na kilo 780 za watu na vifaa. Jumla ya gari na trela nayo inakuwa chini ya 6,000. Kuna nafasi ya kutosha, ila nafasi ya kutosha haimaanishi ujaze bodi mchanga.

Hizo asilimia 10 usizichukulie kirahisi. Kijiko kikiwekwa nyuma mno, pua ya trela inakuwa nyepesi, na kwenye mteremko trela linaanza kuyumba kushoto na kulia huku kila myumbo ukizidi uliotangulia. Gari lenye nguvu haliwezi kukuokoa hapo. Kikiwekwa mbele mno, mkia wa gari unazama, matairi ya mbele yanapoteza mshiko, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Weka alama ya rangi kwenye sakafu ya trela pale kijiko kinapokaa sawasawa ukishapima, ili dereva yeyote akipakie hapo hapo.

Sasa tupande mlima, maana ndio unaokuogopesha, na una haki. Tuseme msafara wako wote una kilo 5,000, mlima una mwinuko wa asilimia 6, na unataka kwenda kilomita 60 kwa saa. Kuinua tu uzito huo dhidi ya mvutano wa ardhi kunakula kilowati 49. Ongeza msuguano wa matairi na ukinzani wa upepo, unafika kama 65 kwenye magurudumu. Ongeza kinachopotelea kwenye gia na difu, injini inatakiwa kutoa kilowati 75 hivi, mfululizo, hadi kileleni. Kwa gari lako la kwanza hiyo ni karibu asilimia 80 ya vyote ilivyonavyo, na hapo nimechukulia kwamba baada ya kilomita 240,000 farasi wake wote bado wako zizini. Kwa gari la pili ni nusu ya uwezo wake. Ukitaka kupanda kwa kilomita 80 kwa saa, mahitaji yanapita kilowati 100, na gari la kwanza halifiki kabisa, hata ukikanyaga hadi sakafuni.

Hapa watu husema, "Lakini dizeli ya zamani ina msokoto!" Msokoto, zile Nm za kwenye vitabu, ndio unaoondoa mzigo uliosimama na unaokuruhusu kupanda bila kubadilisha gia kila mara. Ni kitu kizuri na kinampumzisha dereva. Ila kinachoamua utapanda mlima kwa mwendo gani ni kilowati, na gia zinaweza kuzidisha msokoto wa injini yoyote. Tena injini za kisasa zenye turbo mbili mara nyingi zina msokoto mwingi kuliko dizeli kubwa za kale, na huutoa kuanzia mizunguko ya chini. Kwa hiyo hoja ya msokoto haimsaidii fundi wako sana.

Kinachomsaidia ni joto. Katika mafuta yanayoungua ndani ya injini ya dizeli, chini ya nusu ndiyo inayogeuka kuwa kazi. Sehemu kubwa ya inayobaki ni joto linalotoka kwa moshi na joto linalotakiwa kuondolewa na maji ya rejeta na oili. Kwenye barabara tambarare bila mzigo, gari linatumia kilowati chache na rejeta inafanya kazi kwa mkono mmoja. Mlimani na trela, joto linaongezeka mara kadhaa huku mwendo umepungua, na hewa inayopita kwenye rejeta nayo imepungua. Gasketi ya silinda hedi, hedi yenyewe, turbo, pistoni na oili ya gia vyote huzeeka hapo. Gari linaweza kuishi miaka kumi mjini na rejeta iliyoziba robo yake bila mtu kujua. Mlima wa kwanza na trela unalitangaza.

Injini ya lita 2.0 inayotoa kilowati 150 inabana kilowati 75 katika kila lita. Ile ya zamani inatoa 32. Maana yake ni kwamba ndani ya silinda ndogo kuna mgandamizo mkubwa zaidi na joto zaidi, turbo zinazunguka kwa kasi ya kutisha, na nozeli zinapuliza dizeli kwa mgandamizo wa baa 2,000 au zaidi kupitia matundu ambayo jicho haliyaoni. Injini hiyo imeundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Chuma chake, mafuta yake ya kulainishia na kompyuta yake vyote vilipangwa hivyo. Kwa hiyo kusema itakufa kwa sababu ni ndogo si sahihi. Kilicho sahihi ni kwamba haisamehe. Oili iliyochelewa, filta ya dizeli ya bei poa, maji kidogo kwenye tangi, na uvujaji mdogo wa bomba la hewa la turbo ni mambo ambayo injini ya zamani ingeyanung'unikia kwa miaka. Injini hii itayalipiza ndani ya miezi, kwa vipuri ambavyo kila kimoja kina bei ya kukukosesha usingizi. Ya zamani inavumilia uzembe lakini haivumilii uzito. Ya pili ni kinyume chake, na fundi wako amekuwa akipokea zile zilizozembewa, kwa hiyo simlaumu kwa alichokiona.

Jambo ambalo sikubaliani nalo kabisa ni imani kwamba ukubwa wa injini, au jina lililoandikwa kwenye pua ya gari, ni bima. Mei 2024 Toyota iliita yarudishwe kiwandani kwa matengenezo magari ya Tundra na Lexus LX zaidi ya 100,000 za 2022 na 2023 kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yangeweza kubaki ndani ya injini ya V6 na kuharibu beringi za krenki. Aprili 2025 General Motors nayo iliita karibu magari 600,000 huko Marekani yenye V8 ya lita 6.2, injini kubwa isiyo na turbo, kwa kasoro za krenki na fimbo za pistoni. Kwa upande mwingine, injini ya Isuzu 4JJ1 ya lita 3.0 iliyomo kwenye D-Max ilitumika pia kwenye malori madogo ya kampuni hiyo, na historia ya namna hiyo mimi huipa uzito kuliko sifa za mitaani. Na injini zenye sifa nzuri nazo zina magonjwa yanayojulikana. Mafundi wanaijua injini ya 1KD ya Toyota kwa washa (pete za kuzibia) za nozeli zinazovuja hadi masizi yazibe kichujio cha pampu ya oili chini kwenye sampu (bakuli la oili), na wanaijua YD25 ya Nissan Navara ya toleo la D40 kwa cheni ya taimingi, ile inayopatanisha krenki na valvu, inayolegea. Zote mbili zinaweza kuwa injini nzuri mikononi mwa anayeujua ugonjwa wake. Kwa hiyo usiulize tu kama injini fulani ni imara. Uliza inakufaje, na kama ugonjwa huo umeshatibiwa kwenye gari hili hili unalolinunua.

Kwa gari lako la pili swali la kwanza kabisa liwe la taimingi. Baadhi ya dizeli ndogo za kisasa zina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo ya aina iliyoagizwa, au iliyokaa mno, inauozesha mkanda polepole. Vipande vyake vinashuka kwenye sampu, vinaziba njia ya oili, na injini inanoki ikiwa na oili ya kutosha kabisa kwenye kijiti cha kupimia. Jua kama injini hiyo ina mkanda wa namna hiyo au cheni, na kama ni mkanda, umebadilishwa lini. Kusikia "bado uko vizuri" hakutoshi.

Giaboksi ya otomatiki ndiyo sehemu ninayoihofia kuliko injini, na wewe umeitaja kwa maneno mawili tu. Unapopanda polepole na mzigo, kiunganishi cha oili kilichoko kati ya injini na gia kinateleza, na mtelezo huo wote unageuka kuwa joto ndani ya oili ya gia. Joto la kawaida ni nyuzi 80 hadi 95. Likipita 120 mara kwa mara, oili inaungua na klachi za ndani zinafuata. Usiamini maneno kwamba oili ya gia ni ya maisha. Kwa gari linalovuta, mimi hubadilisha kila kilomita 60,000, na nikiona kipoza oili cha ziada kimefungwa mbele ya rejeta, nafurahi. Mlimani weka gia kwa mkono, au chagua hali ya kuvuta kama gari linayo, lisiwe linapanda na kushuka gia kila dakika. Gia za mkono zina shida yake pia: klachi ya gari la kwanza, kwa kuondoka mlimani na tani mbili na ushee, isingekuwa na maisha marefu.

Kuhusu breki nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna mjadala. Trela la uzito wako lazima liwe na breki zake, zinazofanya kazi, kwenye magurudumu yake. Nchi nyingi zinaweka mpaka wa trela lisilo na breki kwenye kilo 750, na wewe uko mara tatu na nusu juu yake. Mteremko uliopanda ndio utakaoushuka, na injini ya dizeli haizuii gari vizuri kwa yenyewe, kwa hiyo shuka na gia ya chini tangu mwanzo. Breki zilizochemka katikati ya mteremko hazikupi nafasi ya kujirekebisha.

Uliza pia kuhusu dizeli unayoipata kwenye njia zako. Injini za kiwango cha Euro 5 na Euro 6, vipimo vya Ulaya vya usafi wa moshi, zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni, na zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Watu huliogopa chujio hilo, lakini anayevuta mizigo milimani ana nafuu, kwa kuwa joto la moshi hulisafisha. Linalolitesa ni safari fupi fupi za mjini injini ikiwa haijapata joto. Kama mwenye gari alikuwa analitumia kupeleka watoto shule tu, kilomita 90,000 zake zinaweza kuwa mbaya kuliko 150,000 za barabara ndefu. Na ukikuta chujio limetobolewa au kuondolewa, jua kwamba nchi nyingi haziruhusu, na jiulize alikuwa anakwepa tatizo gani. Vivyo hivyo kwa gari lililoongezewa nguvu kwenye kompyuta. Mimi kwa kazi ya kuvuta nalikataa hapo hapo, sisubiri maelezo.

Basi uamuzi. Kama mizani itaonyesha trela lako limefika kilo 2,500 au limezidi, gari la kwanza limetoka, hata kama injini yake itaishi hadi wajukuu. Kuvuta juu ya kiwango kunaweza kuipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa ajali, achilia mbali sheria za barabarani. Ningelirudisha mezani tu kama trela zima lingekuwa kilo 2,000 au chini, na kama uko radhi kupanda kwa kilomita 40 kwa saa huku foleni nyuma yako ikipiga honi. Gari la pili linaweza kazi yako na lina akiba ya kutosha, kwa sharti moja ambalo sitalilegeza: liwe na kumbukumbu za matengenezo zilizoandikwa, za oili, za filta na za taimingi. Bila kumbukumbu hizo usilinunue, hata akikupunguzia bei. Na kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja: pikapu ya umri wa kati, dizeli ya lita 2.8 hadi 3.0 ya kisasa, iliyoruhusiwa kuvuta kilo 3,000 au zaidi. Haina mbwembwe za turbo mbili na inatoa kilowati 120 na zaidi bila kubanwa sana. Kama ningekuwa natafuta kwa kazi yako, ningeanzia hapo, halafu gari lako la pili lifuate.

Ukienda kulikagua, fika injini ikiwa ya baridi, na ushike boneti kwa mkono kuthibitisha. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika anaficha jinsi inavyowaka asubuhi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi mzito ukikanyaga ni hewa pungufu au nozeli mbovu. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: mvuke kidogo ni kawaida, lakini upepo unaosukuma kifuniko unaeleza kuhusu ringi za pistoni. Kisha lala chini ya gari. Tazama kiungo cha trela kimechakaa kiasi gani, maana gari "halijawahi kuvuta" lenye kiungo kilichosuguka hadi kung'aa limeshakuambia lingine. Tazama chasisi nyuma ya kabini, hasa pikapu za kabini mbili zilizofungwa mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma. Uzito uliotundikwa nyuma ya ekseli unaweza kuipinda pale, na utaona pengo kati ya kabini na bodi limepanuka juu kuliko chini. Chasisi iliyopinda nairudisha kwa mwenyewe bila mazungumzo.

Mengine yanahitaji mtu wa ana kwa ana, mwenye vifaa, asiyelipwa na muuzaji. Apime kwa kompyuta marekebisho ya kila nozeli na kiwango cha masizi kwenye chujio, apime dizeli inayorudi kutoka kwenye nozeli, achunguze rangi na harufu ya oili ya gia, na apime shinikizo la mfumo wa maji injini ikiwa ya moto. Breki za trela zipelekwe kwa anayeshughulika na matrela hasa, kwa sababu fundi wa magari madogo si lazima azijue. Na baada ya kununua, ukiona kipimo cha joto kinapanda juu ya mahali pake pa kawaida, ukasikia giaboksi inasita kuingiza gia, au oili inapungua bila kuvuja, simama siku hiyo hiyo usisubiri kumaliza kazi ya wiki. Hedi iliyochemka mara moja bado inaweza kuokolewa. Iliyochemka mara tatu, mara nyingi unanunua nyingine.

Pia omba ujaribu gari likiwa na trela lako, limepakiwa, kwenye mlima ulio karibu, fundi akiwa kiti cha pili na kifaa cha kusomea joto la injini na la gia. Wauzaji wengi watakataa, na si wote wanaokataa wana la kuficha. Atakayekubali, mpe uzito wa trela ulioandikwa kwenye karatasi ya mizani kwanza, ajue anakubali nini. Na ukinitumia namba hiyo pamoja na aina kamili ya injini ya gari la pili, kama ilivyochorwa kwenye injini yenyewe na si kama ilivyo kwenye tangazo, nitakuambia mahali pa kufungua kwanza.